Halua ya Fundi Saa

Amasya, 12 Oktoba 1953

Mwanangu Sermet, nuru ya macho yangu,

Nakubusu macho yote mawili. Mimi sijambo, na nyumba haijambo, isipokuwa bomba la jiko ambalo siku hizi linaleta moshi ndani badala ya kuutoa nje. Mitufaha imezaa mwaka huu mpaka matawi yamevunjika. Nimekupikia jemu ya matufaha na nimekukaushia mfuko mzima, utaletewa na mtoto wa Hacı anayekuja huko kununua vitambaa. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kofia ya marehemu baba yako, ile nyeusi ya kuendea sala ya Idi. Bi Nazmiye, mke wa bwana posta, anakusalimu na anauliza utakuwa hakimu lini. Nimemjibu kwamba mwaka wa mwisho wa sheria si mchezo, watu husoma mpaka wakakonda. Bila shaka umekonda. Vaa fulana.

Sasa nina jambo.

Lipo gazeti linaitwa Çınar. Hufika hapa kwa treni likiwa limechakaa, na Bi Nazmiye hulisoma pale posta kabla ya mwenyewe aliyelilipia. Humo mna hadithi inayotoka kila siku kipande kipande, jina lake "Taa ya Dirishani", na mwandishi wake anajiita Cevat Yıldırım. Mimi hadithi sisomi, unanijua. Nilisomewa. Nilikuwa nashona mfarishi, miguu iko chini ya pamba, sikuweza kukimbia.

Katika hadithi hiyo kuna mjane anaitwa Mürüvvet, anakaa mji mdogo wenye mto na mlima. Kila Alhamisi anaiharibu saa yake kwa makusudi apate kuipeleka kwa Rasim, fundi saa wa ng'ambo ya barabara, mgane mpole asiyejua kusema. Na kabla hajatoka nyumbani anajipaka marashi ya ndimu nyuma ya masikio, anayafuta kwa aibu, kisha anajipaka tena.

Sermet. Katika mji huu yuko mwanamke mmoja tu anayekwenda kwenye duka la mtu kila Alhamisi, naye anakwenda kununua dawa ya kichwa, kwa sababu kichwa chake huuma siku ya Alhamisi. Ni maradhi. Lakini watu hawana haya. Jana nimepita mbele ya mkahawa, na wanaume wote waliokuwa wamekaa pale wakatoa saa mfukoni, wakazitikisa, wakazitega masikioni.

Habari ya yale marashi haijui mtu ila Mungu, na mtoto mmoja aliyekuwa akifanya hesabu za shule kwenye meza yangu ya jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Nasikia waandishi wa Istanbul wote wamejazana mtaa mmoja. Ukikutana na huyo Bwana Yıldırım huko njiani unapokwenda chuoni, mwambie Amasya kuna shangazi wa watu, na ana mwiko mrefu wa mbao.

Shangazi yako,
Behice


Istanbul, 2 Novemba 1953

Shangazi yangu mpenzi,

Nakubusu mikono na kuiweka kwenye paji la uso. Nimechelewa kujibu, nisamehe, shughuli zimenizidi. Mimi mzima na nimevaa fulana. Madam Araksi, mama mwenye nyumba, amenunua kasuku. Kasuku amejifunza kukohoa kutoka kwa mpangaji wa juu, na sasa kikohozi kikisikika hatujui nani apelekewe chai. Masomo yanaendelea. Sheria ni nyingi.

Huyo Yıldırım nimekutana naye, kwa bahati tu. Ni kijana wa watu, kwa kweli, na amekonda kuliko mimi. Amenisimulia maisha yake. Alikuja Istanbul kwa sababu nyingine kabisa, ya heshima, halafu siku moja akaingia ofisi ya gazeti kukimbia mvua na hajatoka mpaka leo. Kwanza walimpa kusahihisha makosa ya chapa. Kisha wakampa matangazo ya vifo, akawa anaongeza sifa za marehemu kutoka kichwani mwake, mpaka ikatokea familia moja kuja kuuliza huyo baba aliyekuwa akisaidia mayatima ni baba wa nani. Wakamtupa soko la samaki aandike habari za samaki. Mwaka huu mwandishi wa hadithi ya mfululizo alitoroka na mcheza dansi, akaiacha hadithi katikati, bibi harusi yuko juu ya farasi. Mhariri, Bwana Hilmi, akafungua mlango akauliza, "Nani humu anajua kudanganya?" Ofisi nzima ikamwonyesha yeye kidole.

Tangu hapo anaandika kila siku. Agop, fundi wa kupanga chapa, huja kusimama nyuma ya kiti chake akipumua kwa nguvu, na karatasi ikijaa anaichomoa kabla wino haujakauka. Yıldırım mwenyewe anasema hajui kesho kutatokea nini katika hadithi yake mpaka Agop aanze kupumua.

Ameapa kwamba Mürüvvet ni wa kubuni. Anasema, tazama, yule ni fundi saa, si mfamasia. Lakini amekwama, Shangazi, na ameniomba nikuulize wewe kama mtu mzima wa mji mdogo. Hawa wawili wanapendana, hilo kila msomaji analiona. Basi yule mama anangoja nini? Na yule bwana, kimemziba nini kinywa?

Mpwa wako mtiifu,
Sermet

Jemu imefika. Bwana Yıldırım amekula nusu.


Amasya, 20 Novemba 1953

Mwanangu Sermet,

Salamu kwako na kwa Madam Araksi. Kasuku mpeni tone la asali. Hapa baridi imeingia, bomba la jiko bado linanitoa machozi, na mke wa imamu amejifungua pacha. Mmoja ana sauti ya baba yake, mtaa mzima unaamka alfajiri bila adhana.

Mwambie Bwana Yıldırım kwamba mwanamke wa kwetu hasemi. Anavaa vizuri, anapita. Mwenye macho haambiwi tazama. Na huyo bwana wake naye ana sababu. Mkewe alikuwa mwanamke mwema, tena shoga yake huyo mjane, na amezikwa karibu hapo tu. Mtu wa haya anaona atasemaje. Ndiyo maana akikufungia dawa anaifunga kamba polepole, kisha anasema amekosea, anafungua, anafunga upya. Akimaliza anaitazama kamba kana kwamba ndiyo iliyokuja dukani. Saa, nilitaka kusema. Akikufungia saa.

Nina malalamiko mengine ya kumfikishia. Kwanza, kwa nini Mürüvvet ana miaka hamsini na miwili? Nani kamwambia? Arobaini na minane inatosha sana. Pili, ameandika kwamba mama huyo aliunguza baklava. Hebu niambie, katika ukoo wetu nani amewahi kuunguza baklava? Bi Nazmiye alipofika hapo kwenye kusoma alinitazama kwa huruma. Afadhali angenipiga.

Habari nyingine hakuna. Bwana Vasfi mfamasia amesema theluji ikiyeyuka anauza duka anahamia Samsun kwa dada yake, kwa sababu nyumba ya mtu mmoja haipati joto. Hainihusu. Nimekutajia tu kwa kuwa ulipokuwa mdogo alikuwa akikupa peremende.

Shangazi yako,
Behice


Istanbul, 16 Desemba 1953

Shangazi yangu,

Nakubusu mikono. Usinikasirikie kwa kuchelewa, nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Madam Araksi anashukuru kwa ushauri wa asali. Kasuku amepona, mpangaji wa juu bado.

Bwana Yıldırım amepokea malalamiko kwa unyenyekevu. Umeona bila shaka kwamba Mürüvvet amepungua umri kwa usiku mmoja. Wasomaji wameandika kuuliza anatumia mafuta gani. Na baklava imetoka tena, nzuri mno, mpaka fundi Agop aliipanga akimeza mate.

Hiyo habari ya Samsun niliisoma mara mbili, kisha nikaikunja nikaiweka mfukoni. Bwana Yıldırım akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Akasema, "Basi huyo mama atapita mbele ya duka la nani siku ya Alhamisi?" Swali lake nakuletea wewe, nawe usinijibu kama hutaki.

Kuna balaa limeingia. Gazeti shindani lina hadithi yenye maiti watatu na kisima, na watu wanaigombania. Bwana Hilmi amemwita Yıldırım akamwambia, "Mapenzi ya wenye mvi hayauzi gazeti, mwanangu. Ua mmoja. Nakupa uhuru wa kuchagua." Asipoua kabla mwezi wa kwanza haujaisha, hadithi inakatwa, na yeye anarudi kwenye matangazo ya vifo.

Anajitahidi kuvuta siku. Amempa fundi saa kikohozi, alichojifunza kwa kasuku. Lakini kikohozi kina mwisho. Njia pekee, anasema, ni fundi saa aseme kabla hajafa. Wakioana kwa shangwe pengine Bwana Hilmi atalainika. Shida ni kwamba hajui mtu wa namna ile huanzaje kusema. Kama huko kwetu umewahi kuona mtu wa haya akifungua kinywa chake, niandikie upesi, neno kwa neno.

Mpwa wako,
Sermet


Amasya, 8 Januari 1954

Mwanangu,

Nakubusu macho. Theluji imefika madirishani, treni ililala njiani Havza siku kadhaa, na magazeti yamekuja yote kwa pamoja, basi mkahawani wamesoma mchana kutwa na msomaji amekauka koo. Mimi nilikuwa napita. Nilipita polepole kwa sababu ya barafu.

Tangu huyo Rasim aanze kukohoa, mji umemvamia Bwana Vasfi. Wanaume wanamuuliza habari ya kifua chake. Wanawake wanampelekea chai ya maua na mafuta ya mbuzi. Hebu fikiria, watu wanampelekea dawa mfamasia! Maskini anasema, "Mimi mzima, jamani," nao wanatazamana wakitikisa vichwa, "Ndivyo wanavyosema wote." Sasa kweli ameanza kukohoa, kwa wasiwasi. Na dirishani ametundika kibao: Duka Linauzwa.

Umeniomba neno kwa neno. Haya. Alhamisi nilikwenda. Nilikuwa nimevaa koti la kijani, si kwa sababu yoyote. Akafunga dawa, akafungua, akafunga.

Akasema, "Bi Behice."

Nikasema, "Naam, Bwana Vasfi."

Akashusha pumzi. Akasema, "Theluji."

Nikasema, "Nyingi."

Nikarudi nyumbani. Hayo ndiyo maneno yote, na huo ndio mfano nilio nao. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mimi tumbo langu zima, ni kichwa tu. Nimefungua kabati kutafuta nafasi ya hiyo dawa mpya, nikakuta dawa za kichwa za kutosha jeshi na farasi wake. Sijawahi kufungua hata moja. Sijui kwa nini nakwambia.

Behice


TELEGRAMU
Amasya, 14 Januari 1954

MWAMBIE YILDIRIM FUNDI SAA ASIFE NUKTA AKIFA SIMSAMEHI YEYE WALA WEWE NUKTA VAA FULANA NUKTA BEHICE


Istanbul, 16 Januari 1954

Shangazi yangu,

Nakubusu mikono, kama utaniruhusu.

Telegramu yako ilifika ukurasa ukiwa umekwisha pangwa kwa herufi za risasi, tayari kuchapwa. Yıldırım alishuka ngazi mbio mpaka kwenye mitambo, akamkuta fundi Agop amekaa juu ya ndoo analia. Agop akamwambia, "Nimeshampanga, bwana. Herufi kwa herufi nimempanga mimi mwenyewe. Usiniambie habari ya kumtoa." Mitambo ikaanza kuzunguka.

Amekufa kwa utulivu, Shangazi. Mürüvvet alikuwa amesimama mbele yake kachukua saa yake. Rasim akasema, "Bi Mürüvvet." Akasema mama, "Naam." Akasema, "Theluji." Akainama juu ya meza yake, na saa zote dukani zikawa zinaendelea kutembea.

Yıldırım hajala tangu jana. Alitaka ujue hivyo. Anasema alidhani anaua mtu wa karatasi.

Sermet


Amasya, 2 Februari 1954

Sermet,

Salamu zitakuja mwishoni, kama zitabaki.

Gazeti lilifika Jumamosi. Mkahawani mwenye mkahawa alizima redio, wanaume wakavua kofia. Bi Nazmiye alilia mpaka wateja wa posta wakasahau walichojia. Mimi nilirudi nyumbani. Nikabandika sufuria, nikatia siagi, nikatia semolina. Wallahi sikufikiri. Kwetu mtu akifa mkono unakwenda wenyewe kwenye siagi.

Halua ya msiba haikorogwi na mtu mmoja, unajua. Harufu ikatoka, wakaanza kuingia. Mke wa imamu na pacha wake. Jirani wa chini. Bi Nazmiye na macho yake mekundu. Hakuna aliyeuliza nani kafa. Kila mmoja alishika mwiko akakoroga, akamwombea maiti. Bi Nazmiye akasema, "Mungu amlaze pema, alikuwa na mikono safi." Nami hapo ndipo nilipolia, mbele yao wote, nikasingizia bomba la jiko. Kwa mara ya kwanza siku hiyo lilikuwa halitoi moshi.

Halua ikiiva, jirani wote hupelekewa sahani. Huwezi kumruka jirani, ni dhambi na ni aibu. Na duka la dawa ni jirani. Nikafunika sahani kwa kitambaa nikavuka barabara. Haikuwa hata Alhamisi.

Akapokea. Akafunua. Akauliza, "Nani amefariki?"

Nikasema, "Fundi saa."

Hakucheka. Mwingine angecheka. Akachukua kijiko, akala amesimama, akaimaliza yote.

"Ina siagi nzuri," akasema.

"Alistahili," nikasema.

"Bi Behice, huyu mtu alikufa kwa kifua, au kwa ujinga?"

"Kwa ujinga, Bwana Vasfi. Kifua kilikuwa kisingizio."

Nikanyoosha mkono nichukue sahani yangu. Akaivuta kwake. Akasema, "Sahani ya jirani hairudi tupu. Nitaileta mwenyewe." Masikio yake yalikuwa mekundu. Yangu sikuyaona.

Hii leo bado hajaileta. Kibao bado kimetundikwa dirishani. Wamekuja watu wawili kutoka Turhal kulitazama duka, na dada yake kaandika kwamba chumba cha Samsun kimepakwa chokaa. Na usiniulize kama mji unajua habari ya telegramu. Bwana posta aliiandika kwa mkono wake na mkewe aliisoma kwa sauti. Mimi nilifikiri kwamba nataka kumwokoa mtu wa hadithi. Mji mzima ulifikiri vingine, nami nimechoka kubishana nao, kwa sababu mji una haki. Haya, nimeandika. Nampenda, mwanangu, na anaondoka na sahani yangu.

Salamu zimebaki chache. Chukua.

Behice


Istanbul, 21 Februari 1954

Shangazi yangu, mama yangu,

Nakubusu mikono, na safari hii siiachii. Barua yako niliisoma ngazini, nikakaa palepale, Madam Araksi akanipita juu kwa juu na kapu la viazi bila kuniuliza.

Huku kumewaka. Wasomaji wamekasirika kuliko siku sukari ilipopanda. Mama mmoja wa Üsküdar alivuka kwa pantoni na mwavuli ili ampige Yıldırım. Kwa bahati alimpiga mwandishi wa michezo. Bwana Hilmi anachekelea, gazeti halibaki mezani. Juzi akamwita Yıldırım akamwambia, "Mfufue. Sema daktari alikosea, alizimia tu." Yıldırım akakataa. Bwana Hilmi akafoka, "Mimi ndiye niliyekuagiza umuue, nami nakuagiza umfufue!" Yıldırım akamjibu, "Mtu aliyekwisha pikiwa halua hafufuliwi, bwana."

Sote tulijua kwamba hapo kazi imekwisha. Bwana Hilmi akamtazama, akawasha sigara, akazima, akasema, "Anayenijibu hivi nisimpoteze kwenye hadithi." Amempa safu yake mwenyewe, ukurasa wa pili, aandike kila siku mambo ya watu kama walivyo. Sharti ni moja: jina la kweli. Çınar haitaki safu ya mtu asiyekuwepo.

Basi Yıldırım hana raha. Ana shangazi aliyemlea, na shangazi huyo amewaambia watu wote wa mji wao kwamba kijana anasomea uhakimu. Marehemu baba yake alilitaka hilo mpaka mwisho. Chuo alikiacha zamani, hajapata ulimi wa kumwambia. Ameniuliza afanyeje, nami sijui.

Jambo la pili. Amepata barua ya msomaji mmoja, haina jina, imetiwa sahihi "mfamasia wa mji wenye mto". Mwandiko wa adabu, na bahasha imefungwa kwa kamba, tena mara mbili. Anauliza neno moja tu: kama fundi saa angeishi, na angekuwa na sahani ya jirani ya kurudisha, angeweka nini juu yake? Yıldırım amemjibu kwa telegramu. Sikuuliza alimjibu nini.

Wako,
Sermet


Amasya, 18 Machi 1954

Mwanangu Sermet, mtoto wa kaka yangu,

Nakubusu macho, paji la uso na masikio. Salamu nyingi kwa Madam Araksi, kwa kasuku, kwa fundi Agop apanguse machozi. Theluji imeyeyuka. Paka amehama kwenye kofia. Jiko langu linawaka vizuri kabisa, na nitakwambia kwa nini.

Telegramu ya Bwana Yıldırım ilifika, na kwa kuwa ilipita posta, mimi niliijua kabla ya mwenyewe. WEKA KITU USICHOKIHITAJI TENA. Basi mji mzima ukajipanga madirishani kutazama Bwana Vasfi hahitaji nini. Alasiri akatoka dukani na sahani yangu, kaifunika kwa kitambaa changu kilekile, kimepigwa pasi. Akavuka barabara. Nikafungua mlango kabla hajabisha, aibu ya nini tena.

Nikafunua. Ni kile kibao cha Duka Linauzwa. Amekikata kwa msumeno vipande vidogo vya kuwashia jiko, na amevifunga kwa kamba. Mara moja tu.

Alhamisi walikuja kuniposa kwa utaratibu. Bwana posta, imamu, na dada mtu kutoka Samsun, ambaye bado ananung'unikia chokaa yake. Wakauliza aombwe nani, kwa kuwa mimi sina baba wala kaka. Nikasema nina mpwa. Bi Nazmiye akaiangua picha yako ukutani akaisimamisha kwenye kiti, na imamu akaiambia picha, kwa sauti ya mimbarini, "Kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume, tunakuomba shangazi yako." Tukangoja kidogo. Haikukataa.

Kahawa niliipika mimi, na chumvi nilitia mimi, vijiko vya kutosha, kama inavyompasa kila anayekuja kuposa. Akanywa yote, hakukunja uso. Dada yake akamwonea huruma. Akasema, "Dada, mimi nimekwisha kula halua ya msiba wangu mwenyewe. Chumvi itanifanya nini?" Ndipo akacheka, Sermet. Miaka yote hii sikujua kwamba ana jino la dhahabu.

Dawa za kichwa nimemrudishia zote dukani. Alizitazama zilivyorundikana, hakuna iliyofunguliwa, akatoka nyuma ya dawa akipangusa miwani.

Sasa habari ya rafiki yako. Mwambie shangazi yake si mjinga. Mwanafunzi gani wa sheria huandika barua miaka mitano bila kutaja sheria hata moja, ila kasuku, na vikohozi, na nani alipumua nyuma ya nani? Alijua tangu mwaka wa kwanza. Habari ya hakimu alikuwa anaisema kwa ajili ya Bi Nazmiye, na kwa ajili ya kaka yake aliyeko kaburini, na mimi kaka yangu nimekwenda kumsomea Yasini nikamweleza yote. Alitaka jina lake lisomwe mahakamani. Nimemwambia litasomwa mkahawani kila siku, kwa sauti, na wanaume watavua kofia wakiambiwa. Naona amelala vizuri.

Basi aandike Sermet Şükrüoğlu, jina kamili, kwa herufi kubwa. Na akiandika tena habari za mjane yeyote, aniulize kwanza umri.

Harusi ni mwezi ujao mitufaha ikichanua. Njooni wote wawili, wewe na Bwana Yıldırım. Nimewawekea kiti kimoja.

Shangazi yenu,
Behice